Kuchoka kuamua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwenye vikao vyetu vya akina mama vya Alhamisi, mengine njiani baada ya ibada, na mengine nimeulizwa dukani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, huku napima mchele. Ninayeyajibu ni mzee wa kanisa la Moravian na mfanyabiashara, sina shahada ya saikolojia. Nilichonacho ni miaka mingi ya kukaa na watu waliochoka, mimi mwenyewe nikiwemo, na Biblia niliyoisoma nikiwa nimechoka vile vile.

Kuchoka kuamua ni kitu gani hasa?

Ni uchovu unaomjia mtu aliyeamua mambo mengi mfululizo, makubwa kwa madogo, hadi kichwa kinagoma. Mwili unaweza kuwa haujabeba hata debe moja, lakini ukiulizwa swali dogo unatamani kulia.

Mimi niliujua jioni moja ya mwezi wa sita, msimu wa mavuno. Tangu alfajiri nilikuwa naamua. Gunia za mchele kutoka Usangu nizichukue zote au nusu? Mteja wa Tunduma nimkopeshe au nimnyime? Bei nishushe shilingi mia au nikaze? Katikati ya hayo ikaja simu ya shule, halafu simu ya kikao cha harusi ya mtoto wa shemeji, wanataka kujua sare iwe ya bluu au zambarau. Nikafika nyumbani saa moja usiku na baridi yake. Sijavua hata viatu, binti yangu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, leo tupike nini?" Mezani palikuwa na mboga za majani, fungu la msusa na fungu la chainizi. Nikakaa kwenye kigoda, nikayaangalia yale mafungu mawili, nikashindwa kuchagua. Machozi yakaanza kunitoka. Binti yangu hakusema neno. Alivuta chainizi, akaanza kuikata.

Nitajuaje kama ni uchovu huu na si uvivu?

Mvivu hataki kazi. Wewe umefanya kazi kutwa, ila likija jambo la kuchagua unalikwepa. Unasema "yoyote tu", "nyie amueni", "tutaona". Au unakubali haraka haraka ili mtu aondoke mbele yako. Ujumbe wa simu unausoma, unaufunga, siku ya nne hujaujibu na unajilaumu. Watoto unawafokea kwa kosa ambalo asubuhi ungelicheka.

Kipimo changu ni cha asubuhi. Ukilala vizuri, halafu lile lililokushinda jana likaonekana jepesi, ulikuwa umechoka kuamua. Kama asubuhi nayo ni nzito vile vile, na sasa ni wiki ya pili, yaruke maswali mengine uende kwenye lile la hospitali huko chini.

Jambo hili lipo kitaalamu?

Lipo, ingawa wataalamu wanavutana. Mwaka 1998 mwanasaikolojia wa Marekani, Roy Baumeister, na wenzake waliwaketisha wanafunzi wenye njaa kwenye chumba kinachonukia biskuti za chokoleti. Wengine waliruhusiwa kula biskuti, wengine wakaambiwa wale figili nyekundu tu. Kisha wote wakapewa fumbo lisilo na jibu. Wala biskuti walihangaika nalo kwa dakika kama 19, wala figili wakaacha baada ya dakika kama 8. Kutokana na jaribio hilo na mengine yaliyofuata ikaenea hoja kwamba kujizuia na kuchagua hutumia nguvu ile ile, nayo huisha.

Mwaka 2011 ukatoka utafiti juu ya majaji wa Israeli waliokuwa wakisikiliza maombi ya wafungwa kuachiwa kabla ya muda. Mwanzo wa kikao karibu asilimia 65 ya maombi yalikubaliwa. Kadiri kikao kilivyosonga, yakashuka hadi karibu na sifuri, na baada ya majaji kula yakapanda tena. Utafiti huo ulipingwa, kwa sababu wafungwa wasio na mawakili walizoea kusikilizwa mwisho wa kikao. Na mwaka 2016 maabara 23 zilifanya jaribio la namna hii kwa watu zaidi ya 2,000, zikakuta tofauti ndogo mno.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba akili huisha chaji kama simu. Ninachoshika ni kwamba mtu mwenye njaa na usingizi, aliyeulizwa maswali kutwa nzima, haamui vizuri. Hilo wazee wetu walilijua. Ndiyo maana barua ya posa haijibiwi siku ile ile inapofika.

Je, kuchoka hivi ni upungufu wa imani?

Hapana. Swali hili linaniuma, maana nimewaona watu waaminifu wakiambiwa waongeze maombi wakati walichokosa ni usingizi.

Msome Eliya, 1 Wafalme 19. Ametoka tu kushinda pale Karmeli, moto umeshuka mbele ya watu wote. Muda mfupi baadaye anakimbia jangwani, anakaa chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Mungu angeweza kumkemea. Badala yake anamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili: inuka ule, safari bado ni ndefu. Angalia mpangilio wa mambo. Anapewa chakula, usingizi, chakula tena, mwendo wa siku 40, na ndipo huko Horebu anaulizwa swali: unafanya nini hapa, Eliya? Swali halikuulizwa chini ya mti. Pale chini ya mti hakuwa na jibu la maana, na Mungu hakulidai.

Mimi nimeushika mpangilio huo. Mtu akija kwangu analia kwamba hajui aache ndoa au abaki, ahame Mbeya au asihame, swali langu la kwanza ni umekula nini leo, na la pili umelala saa ngapi. Wengine hushangaa kwamba mzee wa kanisa anauliza habari za ugali. Lakini nikisha kumwekea chai na viazi, maombi yetu huwa ni maombi kweli, siyo kilio tu.

Kuna mtu katika Biblia aliyeharibu kwa kuamua akiwa amechoka?

Esau, Mwanzo 25. Karibu kila mahubiri niliyoyasikia juu yake yanamwita mtu wa tamaa. Lakini sura yenyewe inasema alitoka nyikani akiwa amechoka sana, na mwenyewe anasema yuko karibu kufa, haki ya mzaliwa wa kwanza itamfaa nini? Akauza kwa mkate na dengu. Akala, akanywa, akaondoka zake. Biblia haimtetei, inasema alidharau haki yake. Nami simtetei. Ila namwelewa, kwa sababu niliwahi kuuza changu kwa bei hiyo hiyo.

Ilikuwa usiku, saa mbili, siku niliyotoka sokoni nikapitia msibani. Sijala tangu chai ya saa nne. Akaja mtu wa kikundi cha mikopo na fomu, anataka nimdhamini mwenzetu ambaye nilimfahamu kwa sura tu. Kalamu iligoma kuandika. Aliipulizia pumzi ya moto, akaichora pembeni ya karatasi mpaka wino ukatoka, akanirudishia. Muda wote huo nilikuwa nawaza jambo moja tu: atoke nikalale. Nikasaini. Baada ya miezi mitano mkopaji akahama mji, na laki nne zikaanza kutoka kwenye mchele wangu.

Kwa hiyo nina kanuni: jambo lenye saini, pesa au neno la maisha ya mtu halipiti kwangu baada ya jua kuzama. Na halipiti nikiwa na njaa.

Mtu akinibana nijibu sasa hivi, nimwambie nini?

"Nitakujibu kesho baada ya chai." Usieleze zaidi ya hapo. Ukianza kueleza sababu, atazijibu moja moja mpaka zikuishie.

Yesu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Ndiyo inayotolewa ili mgeni aondoke haijawa ndiyo bado. Na jambo likikataa kabisa kungoja hadi asubuhi, na si ugonjwa wala ajali, mara nyingi hilo lenyewe ni jibu.

Niombe Mungu aniongoze kwa kila kitu, hata vitu vidogo?

Omba, lakini usigeuze sala kuwa mzigo mwingine. Dada mmoja aliniambia husimama mbele ya kabati akimwuliza Mungu avae gauni lipi, na asiposikia jibu anaogopa kutoka. Nilimshika mkono. Baba mwema hafurahii kuona mtoto anatetemeka mbele ya magauni mawili, yote mazuri.

Yakobo 1:5 inasema aliyepungukiwa na hekima aombe, na Mungu hutoa kwa ukarimu wala hakemei. Hekima ikishakaa ndani, mengine unaamua mwenyewe kwa shukrani. Mimi asubuhi nataja mbele za Mungu jambo moja tu la siku hiyo, lile zito kuliko mengine. Nalitaja kwa jina. Mengine nayaweka chini ya sala ya Baba Yetu, pale penye riziki ya leo. Imeandikwa leo, na hilo neno limenipunguzia usiku mwingi wa kukesha nikiamua mambo ya mwezi wa kumi.

Vipi kufungua Biblia popote na kuweka kidole, au kupiga kura?

Kwetu Wamoravian swali hili lina historia ndefu. Wazee wetu wa Herrnhut, Ujerumani, katika karne ya 18 walipiga kura, yaani walivuta karatasi bila kuchagua, kwa mambo mengi mazito: nani atumwe umisionari, nani apewe kazi, hata nani aoe nani. Walifanya kwa hofu ya Mungu, wakimtaka Yesu mwenyewe awe mwamuzi. Lakini watu waliumia, hasa kwenye ndoa, na kanisa likaiacha desturi hiyo hatua kwa hatua mpaka sinodi ya 1889 ikaifuta. Miaka 2 baadaye, 1891, wamisionari wakafika Rungwe. Injili iliyotufikia sisi ilikuja bila kura.

Kilichobaki ni Neno la Siku, yaani mistari ya Biblia ya kusoma kila siku, ambalo lilianza Herrnhut mwaka 1728 na kuchapwa kama kitabu mwaka 1731. Mistari yake ya Agano la Kale bado huchaguliwa kwa kura huko kila mwaka. Ninalisoma kila asubuhi na linanilisha. Ila halinichagulii. Siku ya kununua shamba nikikutana na mstari unaotaja shamba, nafurahi, kisha naenda kuuliza mipaka kwa majirani na kwa mwenyekiti wa mtaa.

Hata mitume walipiga kura kumpata Mathiya, Matendo 1. Baada ya Roho kushuka hatusomi tena wakipiga kura. Sura ya 15 tunawakuta wameketi, wanahojiana sana, wanasikilizana, kisha wanaandika kwamba imempendeza Roho Mtakatifu na wao. Roho hakuwaondolea kikao.

Kuna mtumishi anayetoa majibu. Nikimpa sadaka ananiambia la kufanya. Kuna ubaya?

Kuna ubaya, ndugu yangu. Mtu aliyechoka kuamua ni windo jepesi. Anachokitamani kuliko pesa zake ni mtu wa kumwambia fanya hivi. Mshauri wa kweli atakuuliza maswali, atakuombea, atakuacha uamue, na mwezi ujao atarudi kuuliza habari zako. Anayedai malipo ili akuamulie, kisha matokeo yakabaki yako peke yako, muache.

Nipunguze vipi maamuzi ya nyumbani?

Amua mara moja mambo yanayojirudia, usiyarudie kila siku. Baada ya ile jioni ya msusa na chainizi, mimi na binti yangu tuliandika mboga za wiki kwenye gamba la katoni tukaligongomea mlangoni pa jiko. Jumatatu maharage, Jumanne msusa, Jumatano usipa wa Kyela, Alhamisi njegere, Ijumaa kande, Jumamosi ndizi za Tukuyu, Jumapili wali na kuku akipatikana. Watoto walilalamika wiki ya kwanza, wakazoea. Sokoni sizunguki tena nikibahatisha, najua ninachokifuata, na hata pesa inayopotea imepungua.

Sare za shule na nguo zangu za dukani zinakaa kwenye kiti tangu usiku. Ada ina bahasha yake tangu mavuno, isije ikanishtua Januari. Magrupu ya simu nayasoma mara mbili kwa siku, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, kisha nazima data. Mwanzoni nililaumiwa. Sasa wenye shida ya kweli wanapiga simu.

Na gawa. Binti wa miaka 14 anaweza kuamua mboga. Kijana anaweza kuamua lini nguo zifuliwe. Ukigawa, usiende nyuma yao kurekebisha, maana hapo utakuwa umeamua mara mbili.

Na michango je? Kadi haziishi.

Hili linawachosha watu wa huku kuliko kazi zenyewe. Harusi, kipaimara, msiba, ujenzi wa kanisa, na kila kadi inakuja na uamuzi wake: nitoe kiasi gani, nisipotoa watanionaje, yule alinichangia ngapi?

Sisi nyumbani tunakaa mwezi wa kwanza, mimi na mume wangu, tunaandika fungu la michango la mwaka na viwango vitatu: wa damu, jirani na wa kanisani, na wa kufahamiana tu. Kadi ikija tunaangalia yuko kundi gani, tunaandika. Msiba tunauweka pembeni, msiba haupangiwi. Fungu likiisha tunasema kwa adabu kwamba mwaka huu tutakuja kuosha vyombo. Na tunakwenda kweli kuosha vyombo. Hakuna aliyewahi kutufukuza.

Mume wangu kila nikimwuliza ananiambia "amua wewe". Nifanyeje?

Kwanza jua kwamba huenda naye amechoka. Mwanaume anayeendesha bajaji kutoka Uyole hadi Mafiati kutwa nzima, akiamua kila dakika apite wapi na apakie nani, jioni anaweza asiwe na jibu hata la chumvi. Usimwulize mlangoni. Mpe maji ya kuoga, mpe chakula.

Kisha badilisha swali. Usimwambie "tufanyeje kuhusu shule?" Mwambie, "Baba, nimeona shule mbili, hii ya karibu na ile ya Iyunga. Mimi naelekea hii ya karibu kwa sababu ya nauli. Wewe unaonaje?" Mzigo ukishafungwa vizuri, mtu hakatai kuunyanyua. Na kama bado anasema amua wewe kila mara, kila kitu, mwaka hadi mwaka, basi hapo hakuna uchovu tena, kuna mazungumzo ya ndoa yanayohitaji mchungaji au wazee wenu.

Mimi ni mchungaji. Watu wananijia na kila jambo.

Mchungaji wangu, soma Kutoka 18 kama barua iliyoandikwa kwako. Musa ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua kesi za watu. Yethro, mkwewe, alimtazama siku moja tu akaona: jambo hili si jema, utachoka wewe na watu hawa watachoka. Nasi waumini tunachoka kukungoja. Akamwambia aweke wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini, wa kumi, wao waamue madogo, mazito tu yamfikie Musa.

Kinachonigusa ni kwamba neno hilo halikutoka kwenye moto wala wingu. Lilitoka kwa baba mkwe aliyekuja kusalimia. Huenda aliyetumwa kwako ni mama mchungaji anayekuambia uzime simu.

Na sisi washarika tuna sehemu yetu. Rangi ya vitambaa vya madhabahu haihitaji simu ya mchungaji saa nne usiku.

Jumapili yenyewe ndiyo inanichosha kuliko siku zote. Nitapumzika lini?

Najua. Ibada ya kwanza, kwaya, kikao cha harusi saa nane, kuona mgonjwa saa kumi, jioni unarudi umechoka kuliko siku ya soko. Sipendi kuwaambia watu waache vikao, maana huko ndiko tunakobebana. Lakini chagua nusu siku moja ambayo hakuna anayekuuliza kitu. Kwangu ni Jumatatu asubuhi hadi saa sita, na duka analifungua kijana wangu.

Jambo moja tunalisahau. Kumbukumbu la Torati 5, amri ya Sabato, inasema mtumwa na mjakazi wapumzike vile vile kama wewe, kwa kuwa nawe ulikuwa mtumwa Misri. Dada wa kazi anayeamua habari za watoto wako tangu saa kumi na moja alfajiri naye anachoka kuamua. Ukipumzika wewe huku yeye anabeba vyote, umehamisha mzigo tu. Mpe siku yake, na siku hiyo usimpigie kuuliza sukari iko wapi.

Kujitunza si ubinafsi? Na mimi sina pesa ya kwenda hotelini.

Hakuna aliyesema hoteli. Yesu aliwaambia wanafunzi waende mahali pasipo watu wakapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula haikuwapo, Marko 6. Yeye mwenyewe alilala chomboni katikati ya dhoruba, kichwa juu ya mto. Kama kulala ni ubinafsi, tuanze kumlaumu nani?

Usingizi ndio wa kwanza. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Wanyakyusa wakikutana asubuhi wanasalimiana "ugonile", yaani umelala? Jiulize hivyo kila asubuhi, ujijibu kwa ukweli. Kisha chakula: ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu mwili ukiwa umetulia. Kwa hiyo uji wa asubuhi usiuruke ukidhani ni wa watoto. Maji ya kunywa tunayasahau sana miezi ya baridi.

Halafu jua. Mwezi wa saba huku kwetu asubuhi inauma hadi kwenye mifupa. Mimi hutoa mkeka nje saa tatu, nikaota jua upande unaoonekana mlima Loleza, dakika ishirini, simu ndani. Sisomi, siombi kwa maneno. Nakaa tu. Dakika hizo nimewahi kuona wazi jambo lililonisumbua wiki nzima.

Nafunga na kuomba kabla ya uamuzi mkubwa. Niache?

Usiache. Kanisa la Antiokia walifunga, ndipo wakawatuma Barnaba na Sauli. Ila walikuwa pamoja, na walifunga ili wasikie. Funga ukiwa na wenzako, kisha kula, lala, na saini kesho yake. Mwenye kisukari, mjamzito na anayenyonyesha waongee na daktari kwanza.

Sisi wakulima tunaamua mara chache, lakini mazito. Niuze mahindi sasa au nisubiri?

Uamuzi wa mwezi wa saba unakuja wakati mbaya: umetoka kuvuna, umechoka, shule zinataka ada, madalali wako mlangoni na bei ya chini. Esau akitoka nyikani ndiyo huyo. Kwa hiyo uamue mapema, mwezi wa nne, mahindi yangali shambani na kichwa kimetulia. Andika: gunia kadhaa za kula, kadhaa za ada na mbolea zitauzwa mara moja, zilizobaki zitangoja. Andika na bei ambayo ikifika utauza bila kujadiliana na nafsi yako. Zinazongoja zikauke vizuri na ziwekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo dumuzi watakuamulia.

Niende hospitali lini?

Nenda kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumekaa wiki 2 au zaidi, kama hulali au unalala mno, kama chakula hakipiti, kama umeshindwa kazi za kawaida. Nenda pia kama uchovu hauishi hata ukipumzika: upungufu wa damu, matatizo ya tezi, kisukari na ujauzito vyote vinaweza kuanza hivyo hivyo. Mama aliyejifungua karibuni asingojewe.

Ukiwaza kujiua, mwambie mtu leo hii, asikuache peke yako, mwende kituo cha afya au hospitali hata kama ni usiku. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa na ina dawa. Kanisani kwetu tumewasindikiza watu hospitali na tukaendelea kuwaombea, na hatukuona kwamba moja linaliharibu jingine.

Nimeshaamua vibaya tayari, nikiwa nimechoka. Sasa?

Petro alimkana Bwana usiku, baridi, kando ya moto. Mara tatu, kwa maneno ya haraka haraka ya watu waliokuwa pale. Halafu Yohana 21: asubuhi, ufuoni, Yesu amewasha makaa, ameweka samaki na mkate. Anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Walipokwisha kula, ndipo akamwuliza Petro, wanipenda? Mara tatu, bila kumharakisha.

Deni la udhamini nililificha siku tatu. Siku ya nne nilichemsha chai mapema, nikakaanga na viazi, mume wangu akala akamaliza, ndipo nikaiweka ile fomu mezani. Aliisoma yote, hata yale maandishi madogo ya chini. Akauliza wanataka kiasi gani kwa mwezi. Tulilipa elfu hamsini kwa miezi minane, ya mwisho aliipeleka yeye, akarudi na risiti ambayo mpaka leo iko ndani ya Biblia yangu, hapo kwenye Yohana.